Mashine Tatu Ndani ya Nyumba Moja ya Kyumbi

Kila mnaponialika kuzungumza nanyi, vijana wa upimaji wa majengo, swali huwa ni lile lile. Mnanipa kiti, mnanipa chai, mnaniita Madam, halafu mmoja wenu anainua mkono: "Madam, nikianza kazi yangu ninunue skana gani? Ya miguu mitatu, ya mkononi, au ile ya kuvaa mgongoni?" Nimelijibu swali hilo nikicheka, nimelijibu nikiwa nimechoka, na mara ya mwisho nililijibu kwa ukali hadi msichana aliyeuliza akakaa chini akitazama viatu vyake. Yeye hakuwa na kosa. Ndiyo maana nimekaa hapa kuandika jibu lote. Mniwie radhi, halina furaha nyingi.

Mimi ni Ndunge. Nimestaafu, ninaishi upande wa Iveti juu ya mji wa Machakos, nafuga kuku wachache na kuumwa na magoti. Maisha yangu yote ya kazi nimepima majengo. Si ardhi; mtu wa ardhi anataka kujua shamba linaishia wapi. Mimi nilitaka kujua nyumba imesimama vipi: ukuta una unene gani, sakafu imelala sawa au imebonyea, nguzo imenyooka au inaegemea jirani. Nimepima makanisa ya mawe, madarasa, maghala, zahanati, na nyumba za watu ambao walidhani nimetumwa kuwapandishia kodi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kavoi, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka. Siku zile chombo chetu kilikuwa tepu, pima maji, na timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma chenye ncha. Mzee Kavoi aliishika timazi kama mama anavyoshika mtoto anayejifunza kutembea. Akishaitundika, hakuna kuongea. "Ndunge, usipumue," aliniambia siku ya kwanza. Nikabana pumzi mpaka nikaona nyota. Baadaye nikagundua alikuwa anatania, na mafundi wote walikuwa wamejificha nyuma ya ukuta wakicheka.

Lakini jambo moja hakulifanyia utani. "Usimwambie mtu nyumba iko namna gani kabla hujajua chombo chako hakioni nini," alisema. Kila chombo kina upofu wake. Tepu hulegea katikati, timazi huyumbishwa na upepo, pima maji ikianguka mara moja hudanganya maisha yake yote. Nilidhani mashine za leza zingekuja kumaliza upofu huo. Zilikuja na upofu wa aina nyingine tu.

Ya kwanza kufika ofisini kwetu ilikuwa ya miguu mitatu. Unaisimamisha, unaisawazisha, unabonyeza, na kichwa chake kinazunguka taratibu kikirusha miale kila upande. Kila mwale ukigonga kitu unarudi na kuacha nukta moja kwenye kompyuta. Zikijaa, nukta hizo zinakuwa chumba kizima, hata nyufa za plasta zinaonekana. Mashine hii haina haraka. Ukimaliza chumba kimoja unaibeba hadi kingine, unasawazisha tena, unangoja tena. Tulikuwa tunabandika karatasi zenye miraba myeusi na myeupe ukutani ili iunganishe chumba na chumba, na watoto wa wapangaji walizibandua kila tulipogeuka. Basi mwanzo upya. Lakini ikikwambia nguzo imeinama, imeinama.

Kisha ikaja ya mkononi. Hii unatembea nayo, nayo inajitafutia iko wapi kwa kutazama kuta zinavyopita. Ni nzuri darini, stoo, chini ya ngazi, mahali ambapo miguu mitatu haiwezi kusimama. Tembeeni nayo kama mmebeba kikombe cha chai kilichojaa. Fungueni milango yote kabla hamjaanza. Mkipita mlangoni msigeuke ghafla, kwa sababu mashine itapoteza njia na kuwapa chumba kilichokaa upande. Na lazima mrudi mlipoanzia, ili ijue imekosea kiasi gani njiani na ijirekebishe. Ukuta wake kwenye kompyuta unakuja na unyoyaunyoya, kama blanketi. Unene wa unyoya ule ndio upofu wake. Jambo lolote jembamba kuliko hapo haliwezi kuliona.

Ya kuvaa ni ndugu yake, ila unaibeba mgongoni na kichwa chake kinachungulia juu ya kichwa chako. Hiyo ilinunuliwa na ofisi, lakini ilikuwa kama mali ya Kioko.

Kioko alikuwa mwenzangu kazini, mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini akivaa mashine ile alikuwa kama amevaa sare ya harusi. "Madam, hii kitu ni noma," aliniambia. "Wewe unasimamisha miguu mara moja, mimi nimemaliza floo nzima." Na ilikuwa kweli. Shule nzima aliimaliza kabla chai haijapoa. Siku moja tulienda nyumba kubwa ya shamba la ng'ombe huko Lukenya. Mbwa wa pale waliponiona mimi na miguu yangu mitatu walilala tu kivulini. Walipomwona Kioko anatoka nyuma ya nyumba akiwa na vichwa viwili, waliinuka wote. Tulikuja kuona kwenye kompyuta njia aliyopita: imenyooka sebuleni, imenyooka barazani, halafu inazunguka tanki la maji, inazunguka tena, na kuishia juu ya pikapu. Tulicheka hadi machozi. Mwenye nyumba alipata ramani ya tanki ambayo hakuiomba.

Nawaambia haya ili mjue tulikuwa watu wa kucheka.

Nyumba ya Kyumbi ilikuwa ya Mzee Nzioka. Wengi wenu mmepita hapo kwenye njia panda, pale watu wanapouza matunda na mahindi ya kuchoma. Ilikuwa ya ghorofa, maduka chini, vyumba vya kupanga juu, rangi ya maziwa. Mzee Nzioka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima kutoka familia ya wakulima, muumini wa kanisa, mtu anayekusalimia kwa mikono miwili. Aliijenga nyumba ile polepole kila mavuno yalipomruhusu, na fundi tofauti kila ghorofa. Sasa alitaka kuongeza ghorofa nyingine juu. Mhandisi wake akamwambia kwanza nyumba ipimwe. Akatuita.

Kwa vile nyumba ilikuwa na watu na hakuna aliyetaka kufunga duka, tulienda na mashine zote tatu. Mimi nikachukua nguzo za chini na kuta za nje kwa miguu mitatu. Kioko akavaa yake akapita korido, ngazi na vyumba vyote vya juu. Mwenzetu mwingine akachukua ya mkononi kwa stoo na vyoo.

Chumba cha kona chini kilikuwa saluni ya Mwikali. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono myepesi, asiyekubali mtu aingie kwake bila kunywa kitu. Saluni ina vioo, na leza na kioo hawapatani: mwale unaingia kwenye kioo, unarudi na uongo, na kompyuta inakujengea chumba cha pili nyuma ya ukuta. Nikamwomba afunike vioo. Akaleta leso zake zote.

"Mwaitu, mnapima nini hasa?" aliniuliza, akiniita mama kwa heshima ya Kikamba. "Maana huu mlango wangu ulikuwa unafunga vizuri. Sasa ni lazima niusukume na kiuno."

"Tangu lini?"

"Mvua ile ilipoisha. Na juu hapo kwa kona, vigae vinatoka vyenyewe. Mzee anasema ni fundi alipaka simenti kidogo."

Nikausukuma mlango mwenyewe. Ulikuwa umebanwa juu, upande mmoja tu. Nikaenda nje nikabandika alama zaidi, na nyingine nikazipigilia kwenye ukuta wa jengo la jirani, la mawe, lililokaa imara. Nilitaka kitu kisichotembea, ili nikirudi nijue kilichotembea ni kipi.

Tulipoweka kazi zote pamoja ofisini, ya miguu mitatu ilionyesha nguzo ya kona imeinama kuelekea barabarani, na slabu juu yake imebonyea. Ya Kioko na ile ya mkononi zilionyesha ukuta ulionyooka. Si kwamba zilidanganya. Kuinama kwa nguzo ile kulikuwa kwembamba kuliko unyoya wa mashine hizo, na mashine ikitembea juu na chini kwenye korido huinyoosha njia yake yenyewe, na pamoja nayo hunyoosha kuta. Mchoraji naye akikaa kwenye kompyuta huchora mstari ulionyooka, kwa sababu nani huchora nyumba imepinda?

Nikarudi Kyumbi baada ya majuma machache, na miguu mitatu peke yake. Nikasimama palepale, nikaangalia alama zilezile. Jengo la jirani lilikuwa halijasogea hata unywele. Nguzo ya Mwikali ilikuwa imesogea upana wa kidole.

Kidole, vijana. Mkiona kidole kwenye meza mnaona ni kitu kidogo. Kidole cha nguzo inayobeba watu ni kitu kingine kabisa. Nilikaa kwenye gari nikashindwa kuwasha.

Tulikutana na Mzee Nzioka ofisini kwake, chumba kidogo juu ya ngazi. Kioko alikuwepo. Niliweka picha zote tatu mezani na kueleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Mhandisi wake alinisikiliza, akatazama, akasema watu watoke. Alisema hivyo wazi, na sitamnyima haki yake. Mzee Nzioka akavuta picha karibu, moja moja.

"Hii ya kutembea, ya mgongoni, inasema ukuta uko sawa?"

"Inasema haioni, Mzee. Si kusema uko sawa."

"Na hii ya mkono?"

"Vilevile. Haioni."

"Lakini mistari imenyooka. Naona kwa macho yangu." Akapanga picha mbili upande mmoja na ile yangu upande mwingine. "Basi ni mashine mbili dhidi ya moja. Hata kwa baraza ya wazee, hiyo moja imeshindwa."

Nikamtazama Kioko. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mzee," alisema, "mashine yangu haikuundwa kwa kazi hii. Madam ndiye anasema ukweli. Naomba usitumie yangu."

"Kijana, mashine yako ni mpya kuliko ya huyu mama?"

"Ni mpya, lakini..."

"Basi." Mzee Nzioka akakunja picha yangu vizuri, kama mtu anayekunja shati la marehemu, akanirudishia. "Niko na watu humu ndani, Madam. Nikiwafukuza leo wataenda wapi? Na mimi nitaenda wapi? Hii nyumba ndiyo shamba langu. Sitaongeza ghorofa. Hiyo nimekubali. Lakini watu wabaki."

Alidhani ametupa nusu, na kwamba tungeondoka tumeshukuru.

Hatukuondoka tu. Ripoti ilienda kwa ofisi inayohusika na majengo, mimi mwenyewe niliipeleka na kurudi kuiulizia mpaka mlinzi akanijua jina. Mwishowe watu walikuja wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, ile mnayoijua, ya nyumba isiyofaa kukaliwa. Ilikaa siku chache. Kisha asubuhi moja nikapita nikakuta ukuta una rangi mpya ya maziwa, safi, unanukia. Nikarudi ofisini. Wakaniambia faili iko njiani. Sijui ilikuwa njia gani.

Nikaenda kwa wapangaji, mlango kwa mlango. Nawaambia ukweli: kumwambia mtu nyumba yake itaanguka ni kazi ngumu kuliko kupima. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na mwenye nyumba mwingine anayetafuta wapangaji. Mwingine, mlokole wa kweli, alisema Mungu ndiye fundi. Mzee mmoja wa ghorofa ya juu alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema, "Asante mama. Lakini unaona nyumba nyingi hapa zina nyufa. Tukikimbia zote, tutalala barabarani."

Mwikali peke yake ndiye aliyeniamini. Hakuniuliza mara mbili. Alifungua vioo vyake ukutani kwa bisibisi, akakodi mkokoteni, akahamia kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara ambako wateja hawakumfuata. "Mwaitu, umeniua biashara," aliniambia akijaribu kutabasamu.

Nilidhani chumba cha kona kitabaki tupu. Hilo ndilo lililokuwa tumaini langu dogo, kwamba angalau chini ya nguzo ile hakuna mtu. Juma halikuisha, Mama Wanjiru akaingia. Alikuwa amekuja kutoka upande wa kati wa nchi, mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki, mabeseni na ndoo na jagi za kila rangi, amepanga dukani vizuri kama anapanga altare. Nikaingia nikajifanya nanunua beseni, kisha nikashindwa kujifanya. Nikamwambia yote.

Alinisikiliza akiwa anafuta vumbi. "Lakini mama, hii nyumba imepimwa," alisema. "Kuja nikuonyeshe."

Akanitoa mpaka mlangoni pa ngazi. Pale ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, Mzee Nzioka alikuwa ametundika picha ya kazi ya Kioko: nyumba nzima katika nukta za rangi, nzuri, imenyooka, inang'aa kama kitu cha sinema. "Mzee anatuonyesha sisi wote tukiingia," Mama Wanjiru alisema. "Ndiyo maana nilichukua hapa. Kule kwingine hawajapima."

Nilijaribu. Nilimwonyesha mlango unavyobanwa. Akasema atamwita fundi aupige randa. Kioko alipopata habari ya ile picha alienda Kyumbi akaomba iteremshwe, akakataliwa, akajaribu kuing'oa kwa nguvu, wakamtoa nje wakimshika shati. Tangu siku hiyo sikumwona tena akivaa ile mashine akitabasamu.

Nilikuwa Katangi, ninapima ghala la soko, simu ilipolia. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna wingu. Ilikuwa ni Mwikali.

"Mwaitu," alisema, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakipiga mayowe. "Nyumba imekaa chini."

Ndivyo alivyosema, imekaa chini. Na nilipofika niliona kwamba hakukuwa na neno bora. Ilikuwa imekaa, ghorofa juu ya ghorofa, kama mtu aliyechoka miguu. Kona ya saluni ndiyo iliyotangulia na kuvuta zingine. Upande mmoja wa ukuta wa nyuma ulibaki wima peke yake, ukining'inia juu ya watu waliokuwa wakichimba kwa mikono.

Kiongozi wa waokoaji aliuliza nani anajua ndani kulikuwaje. Mchoro wa Mzee Nzioka haukufanana na kilichojengwa. Fundi wa kila ghorofa alikuwa amefanya lake. Basi Kioko akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari, akafungua kazi yake, na mashine ile iliyoshindwa kuona kidole ikawaonyesha kila chumba, kila mlango, ngazi inapinda wapi. Tuliifunga ile ya mkononi kwenye ufito mrefu tukaiingiza kwenye tundu, ikatuonyesha nafasi chini ya ngazi. Mimi nilisimamisha miguu mitatu mbele ya ukuta uliobaki, nikautazama saa baada ya saa, niwapigie kelele waokoaji wakimbie ukianza kutembea. Siku ile mashine zote tatu zilifanya kazi pamoja, kila moja mahali pake, bila yeyote kuuliza ipi ni bora. Tulihitaji nyumba ianguke kwanza.

Chini ya ngazi walitoka ndugu wawili, wanafunzi wa ufundi, wamejaa vumbi, hai. Watu walishangilia. Mimi pia nilishangilia, sitaki kuwadanganya. Yule mzee wa juu aliyenishika mkono hakutoka hai. Wengine pia. Mama Wanjiru walimpata kesho yake, nyuma ya kaunta yake. Mabeseni yalikuwa yamemfunika kana kwamba mtu alikuwa anajaribu kumkinga, na mengi hayakuwa hata yamepasuka.

Mwikali alisimama ng'ambo ya barabara siku zote hizo. Alikuwa akirudia jambo moja kwa kila aliyekuja karibu: "Ni mimi nilimwachia kile chumba." Nilimwambia si hivyo. Nikamwambia mara nyingi. Mpaka leo akinipigia simu ni lazima afike hapo, na ni lazima nimwambie tena, na najua halimwingii.

Mzee Nzioka alinijia jioni ya siku ya pili. Mtoto wake mmoja alikuwa ndani ya kifusi, yule aliyekuwa akikusanya kodi. Mzee alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Watu walitaka kumpiga na polisi walikuwa karibu naye, lakini alipita mpaka mbele yangu, akasimama, akaangalia mashine yangu inayozunguka.

"Madam," alisema, "mbona hukunishika koo?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea yote. "Nilikwambia, Mzee," ndilo tu nililopata.

"Uliniambia kama mtu wa ofisi," alisema. "Ungelia. Ungejitupa chini. Mtu akilia mimi namsikia."

Polisi wakamchukua. Nimelala na kuamka na maneno yale miaka hii yote, na bado sijui kama alisema kitu cha kweli au alikuwa mtu anayezama anayeshika lolote lililo karibu. Kuna siku naona ana haki: tulimletea nukta na mistari, naye alikuwa mtu wa kuambiwa na uso. Kuna siku nasema hapana, Kioko alikuwa karibu kulia mbele yake na bado alihesabu mashine kama kura. Mkinitaka niwape somo hapo, sina. Nimelitafuta.

Kioko aliacha kazi. Hakugombana na mtu. Alirudisha mashine ofisini ikiwa imefutwa vumbi, akaenda kusimamia malori ya mawe kwenye machimbo ya Lukenya. Nilimtembelea. "Madam, sitaki tena kuona ndani ya nyumba za watu," aliniambia. "Nikiingia mahali naanza kutazama nguzo. Hata kanisani. Mke wangu anasali, mimi natazama nguzo." Nilimwambia hata mimi. Tukakaa kwenye jiwe tukanywa soda, na hakuna aliyesema neno kuhusu mbwa wa shamba la ng'ombe, lililo pale pale karibu.

Nami nilistaafu si muda mrefu baadaye. Walinifanyia sherehe nzuri yenye keki.

Majuzi nilikuwa natoka Athi River nikashuka Kyumbi kumwona Mwikali. Kiwanja kile, kilichouzwa kwa mtu mwingine, kimezungushiwa mabati. Nikachungulia. Ndani walikuwa wamefika ghorofa ya kwanza. Nguzo mpya zilikuwa zimesimamishwa juu ya vishina vya zile za zamani. Nilivijua vishina vile kama mtu anavyojua meno yake. Nikamwita fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye adabu, akaja akijifuta mikono.

"Huo msingi ni ule wa kwanza?" nikamwuliza.

"Ndiyo mama. Chini hatukugusa. Mwenyewe amesema unafaa."

"Unajua palitokea nini hapa?"

Akatazama chini. "Tunajua mama. Sisi wote tunajua." Akaanza kugeuka, akasema, "Lakini kazi ni kazi," akarudi kwa wenzake.

Nikampa namba yangu ampe mwenye kiwanja. Nikapiga simu ofisi ile ile. Sauti mpya, ya kijana mwenye heshima, iliniambia wataliangalia.

Nilipogeuka kuondoka niliona mwanamke amesimama ndani ya mabati, upande wa kona, mahali palipokuwa saluni na kisha duka. Alikuwa na mtoto mgongoni na alikuwa anapima kwa hatua zake, kutoka nguzo hadi nguzo, akisogeza midomo. Nikaingia nikamwendea. Safari hii sikusema kama mtu wa ofisi. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia kuhusu Mama Wanjiru, nikalia pale mbele ya mafundi bila aibu yoyote.

Alinipa leso yake. Alikuwa mtu mwema. Alinipangusa hata shavu, akanipa pole kwa ndugu yangu niliyempoteza, akangoja nitulie. Halafu akaniuliza kwa upole, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale anapotaka kuweka mlango wa duka lake, "Mwaitu, na wewe ulikuwa umekuja kubuku chumba?"